Nani Hasa Alichelewa

Kijana anapofikishwa hospitali ugonjwa wa akili ukiwa tayari umemwelemea, lawama huwa imeshapata pa kuangukia. Husemwa kwamba familia ilimficha ndani, ikamzungusha kwa waganga, ikaona aibu ya majirani, na mwishowe ikamleta amefungwa kamba. Hukumu hii ni ya siku nyingi. Imo katika maandishi ya madaktari wa enzi za ukoloni na imo hata leo katika hotuba za kampeni za afya, na kwa kuwa hurudiwa sana, wengi huichukua kuwa kweli isiyohitaji ushahidi. Mimi nadhani ina kasoro kubwa. Historia ya tiba ya mapema ya saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kushikilia imani zisizoshikika na kupotewa na mpaka kati ya yaliyopo na yasiyokuwepo, inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uchelewaji ilitengenezwa na huduma zenyewe. Uliwekwa ndani ya sheria, ndani ya majengo, na ndani ya mafunzo yaliyowazoesha wahudumu kuutambua ugonjwa pale tu unapokuwa umekomaa. Familia ina sehemu yake katika jambo hili, nami sitaikwepa. Lakini haistahili kubebeshwa mzigo wote.

Ugonjwa wenyewe hauanzi kwa kishindo. Mara nyingi huwapata watu kati ya umri wa miaka kumi na mitano na thelathini, wavulana wakitangulia wasichana kwa miaka michache, na katika wiki za mwanzo unafanana na mambo kumi mengine ya ujana. Mwanafunzi aliyekuwa akifanya vizuri anaanza kukosa vipindi. Analala mchana, usiku anatembea ndani ya nyumba. Anaacha kula chakula kilichopikwa na mtu fulani bila kusema sababu. Anazima redio kwa kuwa mtangazaji amemtaja. Anacheka peke yake, kisha anakasirika akiulizwa anacheka nini. Mzazi anawaza bangi, anawaza mapenzi, anawaza mitihani, anawaza kijicho cha ndugu, na kila wazo lina mantiki yake kwa mtu ambaye hajawahi kuuona ugonjwa huu. Hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kusema: ni leo umeanza. Huo ndio ugumu wa kweli wa jambo hili, na anayeilaumu familia bila kuukumbuka anadai kwa mama wa nyumbani utambuzi ambao madaktari bingwa wenyewe walichukua karibu karne nzima kuupata.

Karne hiyo inafaa kutazamwa. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Ujerumani, Emil Kraepelin, aliuelezea ugonjwa ambao aliuona kuwa ni kuharibika kwa akili kunakowapata watu mapema maishani, na ambao mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Uswisi aliupa jina la skizofrenia. Kraepelin alikuwa mtazamaji makini, lakini aliwatazama zaidi watu waliokuwa wamelazwa, wengi wao kwa miaka, na kutokana nao akatabiri kwamba mwisho wa ugonjwa huu kwa kawaida ni kuporomoka. Kuujifunza ugonjwa kwa wagonjwa wa wodi za ndani ni sawa na kuujua mto kwa kuutazama pale tu unapoingia baharini. Wale waliopata nafuu na kurudi makazini hawakuwepo wodini kuhesabiwa. Utabiri huo ukawa mwongozo wa kazi: kama mwisho unajulikana na hauzuiliki, hakuna haraka ya kumwona mgonjwa mwanzoni. Mwaka 1927 daktari Mmarekani Harry Stack Sullivan aliandika kuhusu mianzo ya skizofrenia akilalamika kwamba wataalamu wanaona miisho mingi mno na mianzo michache mno. Malalamiko yake hayakujenga hata wodi moja ya kuwapokea wanaoanza kuugua.

Mwaka huohuo wa 1927, Waingereza walifungua hospitali ya Mirembe mjini Dodoma. Huku Nairobi, Mathari ilikuwa imefunguliwa tangu 1910, mahali palipotumika kabla ya hapo kuwatenga wagonjwa wa ndui, na kule Usambara wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameigeuza Lutindi kuwa makao ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Majengo haya hayakuwekwa kwa ajili ya kijana aliyeacha kula. Yaliwekwa kwa ajili ya mtu aliyevunja amani, aliyekamatwa barabarani, aliyechoma nyumba, na njia ya kuyafikia ilipita kwa polisi, kwa mkuu wa wilaya na kwa hakimu. Familia iliyoishi mbali ilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ikae na mtu wake, au ingoje mpaka afanye tendo ambalo serikali ingelitambua. Mtu akilelewa ndani ya utaratibu kama huo kwa vizazi viwili au vitatu, si ajabu akajifunza kwamba hospitali ni mahali pa kupelekwa mtu aliyeshindikana. Majina ya Mirembe na Mathari yakawa matusi ya watoto shuleni. Funzo hilo halikutoka katika mila zetu, lilitoka langoni mwa hospitali.

Dawa haikubadilisha jambo hili kwa haraka kama tunavyodhani. Klopromazini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris mwaka 1952, chini ya Jean Delay na Pierre Deniker, kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kilichotuliza sauti na hofu kwa watu wengi. Wodi zilitulia, minyororo na majaketi ya kufungia mikono yakapungua, na baadaye vitanda navyo vikapungua. Lakini mlango ulibaki palepale. Ilichukua miaka zaidi ya thelathini kabla ya mtu kuuliza kwa utaratibu: hawa wanaolazwa kwa mara ya kwanza, walikuwa wapi kabla ya leo? Utafiti wa Northwick Park, kaskazini-magharibi mwa London, ulioongozwa na Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao na kuchapishwa mwaka 1986, uliwafuatilia watu 253 waliokuwa katika shambulio lao la kwanza la skizofrenia. Wengi walikuwa wameugua kwa muda mrefu, baadhi kwa zaidi ya mwaka, kabla ya kulazwa. Ila jambo lililonigusa zaidi ni lile la familia. Hawakuwa wamekaa kimya. Walikuwa wamekwenda kwa daktari wa mtaa, wakarudi, wakaenda pengine, wakaambiwa wangoje, na mara nyingi kilichowaingiza hospitali mwishoni ni polisi. Hii ni Uingereza yenye matibabu ya bure, yenye daktari kila mtaa, isiyo na mganga wa kulaumiwa. Na bado njia iliyofika ni ileile ya Mathari ya 1910. Tena wale waliongoja zaidi ya mwaka ndio walioonekana kurudiwa na ugonjwa zaidi katika miaka miwili iliyofuata.

Kidogo kidogo watu wakaanza kuusogeza mlango. Kati ya 1984 na 1988, Ian Falloon alijaribu huko Buckingham, mji mdogo wa Uingereza, kuwafundisha madaktari wa kawaida dalili za mwanzo na kuituma timu nyumbani kwa mgonjwa bila kukawia. Mwaka 1984 hospitali ya Royal Park mjini Melbourne ilifungua wodi ya wanaolazwa kwa mara ya kwanza tu. Patrick McGorry na wenzake waliona pale jambo ambalo kila muuguzi wa magonjwa ya akili analijua lakini halikuwa limepewa uzito: kijana wa miaka kumi na tisa, aliyeletwa usiku, anayelazwa kando ya mtu aliyekaa ndani miaka ishirini, anauona mustakabali wake kitanda cha pili, na anachomwa dozi ileile. Mwaka 1991 walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa waliopona shambulio la kwanza walibaki na majeraha ya akili kama ya watu waliotoka vitani, yaliyotokana na ugonjwa na pia na jinsi walivyoshughulikiwa. Kutokana na hayo kikazaliwa mwaka 1992 kituo kilichojulikana kwa kifupi kama EPPIC: dawa kwa dozi ndogo, kutibiwa nyumbani inapowezekana, mazungumzo na familia tangu siku ya kwanza, na msaada wa kurudi shuleni au kazini. Melbourne ilirekebisha kile kinachomngoja mtu ndani. Swali la kwa nini anafika amechelewa lilipata jibu lake bora mahali pengine.

Mahali hapo ni Stavanger, mji wa mafuta na bandari kusini-magharibi mwa Norwei, katika jimbo la Rogaland. Madaktari wa huko, Jan Olav Johannessen na Tor Ketil Larsen miongoni mwao, wakishirikiana na Thomas McGlashan wa chuo kikuu cha Yale, walikuwa wamepima mwanzoni mwa miaka ya 1990 muda ambao wagonjwa wa saikosisi walikaa bila tiba. Ukiwapanga wagonjwa wote kwa urefu wa kungoja, yule wa katikati alikuwa amengoja wiki 26, na wastani, ukivutwa na wale walioteseka kwa miaka mingi, ulizidi miaka miwili. Kuanzia 1997 wakafanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa taarifa. Kijitabu kilitumwa katika kila nyumba ya jimbo. Magazeti yakabeba matangazo ya ukurasa mzima, redio na sinema vikatumika, walimu wa sekondari na madaktari wa mitaa wakafundishwa kuitambua hatua ya mwanzo, ile ya kijana aliyeacha masomo na kujifungia. La pili lilikuwa timu ambayo mtu yeyote angeweza kuipigia simu: mama, mwalimu, rafiki, au mgonjwa mwenyewe. Haikuhitajika barua ya daktari. Mtu hakupaswa kuwa hatari kwanza. Ahadi ilikuwa kwamba ikionekana kuna dalili, kijana ataonwa ndani ya saa 24, nyumbani kwake au shuleni ikibidi.

Muda wa kungoja wa yule mgonjwa wa katikati ulishuka kutoka wiki 26 hadi takribani 5. Ili kuhakikisha kwamba si mabadiliko ya nyakati tu, watafiti waliyalinganisha maeneo ya Rogaland na eneo la Ullevål mjini Oslo na la Roskilde nchini Denmark, ambako hakukuwa na kampeni wala timu za namna hiyo. Huko muda ulikuwa wiki 16. Tena, na hapa ndipo penye uzuri wa utafiti huu, wagonjwa wa maeneo yote walipewa tiba yenye mpango mmoja: dawa, mazungumzo na mtaalamu, na vikundi vya familia, kwa miaka miwili. Kilichotofautiana ni siku ya kufika. Waliofika mapema walifika wakiwa na hali nafuu, na wachache zaidi kati yao walikuwa wamekaribia kujiua. Baada ya miaka kumi, asilimia 31 hivi ya waliofuatiliwa kutoka maeneo ya Rogaland walihesabiwa kuwa wamepona, yaani dalili zimetulia na wanaweza kujitegemea na kufanya kazi, dhidi ya asilimia 15 kutoka maeneo mengine. Si muujiza. Wengi bado waliishi na ugonjwa. Lakini ukiwa mzazi, tofauti kati ya 15 na 31 si ndogo hata kidogo.

Hapa kuna pingamizi zito kuliko yote, na linatoka Stavanger yenyewe. Mwaka 2001 fedha za matangazo zilikwisha, kampeni ikasimama, ilhali timu zilibaki na simu zao. Muda wa kungoja ukapanda tena hadi kama wiki 15. Mtu anaweza kusema: basi ilikuwa ni ujinga wa watu baada ya yote, kwani mlango ulikuwepo na hawakuutumia. Nimelipima sana jambo hili, na sioni kwamba linaangusha hoja. Ujinga unaoondoka kwa kijitabu na tangazo la gazeti ni upungufu wa taarifa tu, na mwenye kuwa na taarifa alikuwa ni hospitali. Familia haziugui ugonjwa huu kwa zamu. Kila mwaka ni nyumba mpya zinazokutana nao kwa mara ya kwanza, kwa hiyo kuwaambia watu ulipo mlango ni sehemu ya mlango wenyewe, na ikiachwa, mlango unafungwa pole pole bila mtu kuusukuma. Hata hivyo nakiri kwamba kimya cha nyumbani kipo. Utafiti wa Birmingham uliochapishwa mwaka 2013 na Max Birchwood na wenzake ulilitenganisha jambo hili: kati ya waliokaa zaidi ya miezi sita bila tiba, uchelewaji mkubwa kuliko wote ulitokea ndani ya huduma za afya ya akili zenyewe, baada ya mtu kuwa ameshapokelewa, na uchelewaji wa kutafuta msaada ulifuata nyuma yake. Mtu anaandikishwa, anapewa tarehe, anahamishwa kutoka timu hii kwenda ile, na miezi inapita akiwa ndani ya faili.

Wengine huja na Denmark. Mradi wa OPUS, uliowahusisha wagonjwa 547 wa Copenhagen na Aarhus kuanzia 1998, uliwapa nusu yao timu maalumu kwa miaka miwili. Walipata nafuu zaidi ya wenzao, lakini walipopimwa baada ya miaka mitano tofauti ya dalili ilikuwa imeyeyuka. Jaribio la baadaye la kuirefusha huduma hiyo hadi miaka mitano halikuleta faida kubwa huko, ingawa jaribio kama hilo mjini Montreal liliwasaidia wagonjwa kukaa muda mrefu zaidi bila dalili. Swali la huduma ya pekee iendelee kwa miaka mingapi bado liko wazi, na wanaolijadili wana haki ya kutokubaliana. Ila OPUS iliipima huduma baada ya mtu kufika. Haikuigusa siku ya kufika, na kwa hiyo haiwezi kutumiwa kudai kwamba kuwahi hakuna maana. Kuna pia hofu ya vijana wazima kubandikwa jina la ugonjwa na kupewa dawa kwa kuwa tu wanawaza mambo ya ajabu. Hofu hiyo ni ya haki pale inapohusu watu ambao bado hawajaugua, na ndiyo maana mwaka 2013 Wamarekani walipotoa toleo la tano la mwongozo wao wa magonjwa ya akili, hali hiyo ya kabla ya ugonjwa waliiweka pembeni pamoja na mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Mimi nazungumzia kijana ambaye tayari anaamini kwamba sauti ukutani inamwamuru. Huyo hahitaji kungojewa.

Pingamizi la karibu na kwetu ni hili: Norwei ina fedha na barabara, na sisi tuna waganga. Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki familia huanza kwa mganga, kwa sheikh au kwa mchungaji. Kule Zanzibar mgonjwa hunyweshwa kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, na ndugu hukaa naye huku wakimsomea. Mtazame huyo mzazi vizuri. Amegundua kwamba mtoto haendi sawa. Ametoka nyumbani, amelipa nauli, amelipa ada, amerudi wiki ya pili. Huyu hajachelewa kutafuta msaada. Ameutafuta kwenye mlango uliokuwa karibu, unaopokea bila barua, unaomruhusu mama akae pembeni ya mwanawe, na usiohitaji polisi. Sifa hizo ndizo Stavanger walizozijenga kwa gharama kubwa. Sisemi kwamba kila mganga anafaa. Wapo wanaofunga watu kwa minyororo na kuwashindisha njaa, na hakuna mila inayoweza kuhalalisha hilo. Nasema kwamba mahali hapo ndipo familia zinapopita mwanzoni, na huduma yoyote inayotaka kuwahi ni lazima iwe na mtu wa kuzungumza nao pale, badala ya kungoja Dodoma. Thomas Lambo alilielewa hilo Nigeria mwaka 1954, alipoanza kuwatibu wagonjwa wakiwa wanaishi na ndugu zao katika vijiji vya Aro, karibu na Abeokuta, akiwashirikisha waganga wa jadi katika kazi.

Tanzania nayo ina historia yake katika hili, na inasikitisha kuona inavyosahauliwa. Baada ya uhuru viliundwa vijiji vya wagonjwa wa akili, kama kile cha Hombolo nje ya Dodoma, ambako watu walilima na kuishi nje ya kuta. Vilikuwa na ubinadamu mwingi kuliko wodi, lakini viliwapokea zaidi waliokwisha kuugua muda mrefu. Hatua kubwa zaidi ilikuja miaka ya 1980, wakati uleule wa Buckingham na wodi ya Royal Park, pale serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa Denmark, ilipoanza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuingiza matibabu ya akili katika zahanati na vituo vya afya. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kutambua saikosisi na kutoa dawa chache za msingi, na mgonjwa aliyekuwa akisafiri siku nzima akaweza kutibiwa anapotibiwa malaria. Mlango ulisogezwa hadi kijijini miaka kumi na zaidi kabla ya kijitabu cha Stavanger kuingia katika nyumba za Rogaland.

Kilichokosekana Morogoro ni saa ya kuhesabia. Daftari la zahanati lilimpokea mgonjwa kuanzia siku aliyofika. Halikuuliza mama yake alimwambia nani kwa mara ya kwanza, lini, na akajibiwa nini. Uingereza ilichukua miaka thelathini baada ya Northwick Park kulikubali swali hilo nusunusu: kuanzia Aprili 2016 huduma zake zilitakiwa kuhakikisha kwamba angalau nusu ya watu wenye shambulio la kwanza wanaanza tiba ndani ya wiki mbili tangu waandikiwe rufaa. Saa hiyo inaanza kuhesabu kuanzia rufaa, na miezi ya kabla yake bado haihesabiwi, lakini kwa mara ya kwanza anayewajibika kwa muda unaopotea ni huduma, si familia. Kwetu, safu moja ya ziada katika daftari la mapokezi ingetosha kuanzia: tarehe ambayo ndugu waliomba msaada kwa mara ya kwanza, popote pale, iwe kwa mwalimu, kwa sheikh, kwa balozi wa mtaa au kwa muuguzi aliyewaambia warudi nyumbani.